Wenye watoto mnaokaa jirani na wakata betri na wapika risasi, someni huu uzi mpaka mwisho

Cherehani wa Tandika (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa taka, hii ni ishu nyingine kabisa, nimeiandika kwa simu usiku kidogo kidogo mtoto akishalala.

Mimi ni fundi cherehani. Nimekaa Tandika, Dar, miaka sita nyumba ya kupanga, chumba na sebule, choo cha wote. Nyuma ya ukuta wa choo kuna mzee anakata betri. Wanaoijua hiyo kazi wanajua, anapokea betri chakavu za magari, za bajaji, siku hizi na za sola, yale maji ya betri anamwaga hapo hapo mchangani, boksi analipasua kwa shoka, anatoa zile sahani za ndani, wenyewe wanaita pleti, anazipika kwenye sufuria kubwa juu ya mkaa mpaka ziwe uji unaong'aa, afu anamimina kwenye makopo. Ikipoa ni tofali la risasi, ile metali nzito ya kijivu, siyo ya bunduki. Mengine yanaenda kwa wenye mizani wanaonunua chakavu, mengine wanachukua wavuvi wa Feri wanamiminia chubwi, vile vizito vya nyavu na mshipi. Sina ugomvi na mzee wa watu, kila asubuhi tulikuwa tunasalimiana na mwanangu alikuwa anamwita babu, anaenda kukaa kwenye kibao chake pale kumwangalia akifanya kazi.

Huyu mwanangu sasa ana miaka mitatu na miezi. Alipofika kama mwaka na nusu hivi akaanza kuumwa tumbo. Choo kigumu, siku tatu siku nne hajaenda, chakula hataki, analia tu huwezi kujua analilia nini. Tukampeleka zahanati wakasema minyoo. Dawa. Mwezi haujaisha tena, wakasema UTI, dawa. Mara damu imepungua, akapewa dawa ya kuongeza damu, ikapanda kidogo ikashuka. Bi mkubwa kutoka nyumbani akasema mtoto kapigwa jicho, ikafungwa na hirizi, sikubisha maana ukiwa na mtoto anaumwa hukatai kitu. Ila kilichokuwa kinanikosesha usingizi ni maneno. Alikuwa ameshaanza kusema baba, maji, bibi, akakomea hapo. Wenzake wa rika lake pale uani wanaimba, yeye anaonyesha kwa kidole.

Aliyetuokoa ni daktari mmoja mama mtu mzima. Alisoma kadi yote ya kliniki taratibu, hakuandika dawa, akauliza, "Hapo mnapokaa, jirani zenu wanafanya kazi gani?" Mimi nikamjibu kuna mama wa vitumbua, kuna saluni, kuna babu wa betri. Akaweka kalamu chini. Akauliza babu wa betri anafanya nini na betri. Nilipomaliza kumweleza akasema huyu mtoto apimwe risasi kwenye damu. Sikuwahi kusikia kama kuna kipimo hicho. Ilichukua muda na hela mpaka damu ikapelekwa panapopimwa, majibu yaliporudi ilikuwa mara kadhaa juu ya 5.

Hiyo 5 ni mikrogramu 5 kwa kila desilita ya damu. Shirika la Afya Duniani, WHO, kwenye mwongozo wao wa 2021 wanasema mtu akifika hapo inabidi itafutwe inakotoka na aondolewe hapo. Na msidhani chini ya 5 ndo salama, wao wenyewe wanasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Sifuri ndo salama.

Sasa nieleze nilichojifunza maana nimesoma sana kwa kipindi hiki, na mengine daktari alinieleza kwa karatasi na kalamu mpaka nikaelewa.

Risasi mwili unaifananisha na kalsiamu. Kwa hiyo ikiingia mwili unaipokea kama mgeni anayejulikana, unaipeleka kwenye mifupa na meno, na mifupani inakaa miaka na miaka, kwenye damu yenyewe inapungua baada ya kama mwezi ila ya mifupani inaendelea kuvuja kidogo kidogo. Mwanamke aliyeila utotoni akija kubeba mimba, mwili unachota kalsiamu mifupani kumjengea mtoto, na risasi inachotwa humo humo, inavuka kondo la nyuma inamkuta mtoto tumboni. Mtoto mdogo akimeza vumbi lenye risasi anafyonza mara 4 mpaka 5 ya anachofyonza mtu mzima. Na akiwa na upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu ndo anafyonza zaidi. Sasa watoto wetu wenye damu pungufu ni wangapi?

Kinachoharibika cha kwanza ni ubongo. Kusikia, kuongea, kutulia, kushika anachofundishwa darasani. Na ubongo ukishaguswa haurudi ulivyokuwa. Ikiwa nyingi sana ndo unaona degedege, kupoteza fahamu, kufa. Ikiwa ya kati kama ya mwanangu huoni kitu cha kusema hiki hapa, unaona mtoto mkorofi, mtoto mzito, mtoto hali.

Na hapa ndo naomba mnielewe vizuri. Mimi nilikuwa naogopa moshi. Mzee akiwasha jiko tulikuwa tunafunga dirisha, tunajiona tumemaliza. Kumbe moshi ule unatua. Unatua kwenye mchanga, kwenye bati, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye ndoo za maji. Na zile pleti zikipasuliwa zina unga wa kijivu, ule unga ndo risasi yenyewe, unakanyagwa na ndala unaingia ndani mpaka kwenye mkeka. Mtoto anatambaa, anaweka mkono mdomoni, mara ngapi kwa siku? Mchanga ule hata mzee akihama leo risasi haiozi, miaka 20 ijayo itakuwepo.

Senegal iliwakuta hii. Mtaa unaitwa Thiaroye-sur-Mer, pembeni ya Dakar, watu walikuwa wanakata betri na kutoa risasi kwa mikono kama huku. Baadaye wakajua kwamba hata mchanga wa pale una vipande vya risasi, kinamama wakawa wanauchekecha wauze, mwingine wanaubeba mpaka nyumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 wakafa watoto 18. Mwanzo hakuna aliyejua wanakufa na nini.

Hapo Mombasa tu, Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwekwa katikati ya makazi. Dada mmoja aliyekuwa anafanya kazi humo, Phyllis Omido, mwanae akaanza kuumwa, akapimwa malaria, akapimwa taifodi, mwisho ndo wakakuta risasi. Niliposoma hiyo nililia wakuu, maana ni kadi ya mwanangu ile ile. Yule dada alipambana mpaka kiwanda kikafungwa, 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na 2020 mahakama ikaamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ikakatiwa rufaa ikapanda mpaka Mahakama ya Juu.

Ninachoomba ni kimoja. Betri isikatwe nyumbani. Ikifa iuze nzima, na boksi lake na maji yake. Najua ukiikata ukauza risasi peke yake unapata zaidi kwa kilo, ndo maana watu wanakata. Ila hiyo nyongeza anailipia mtoto.

Sisi tumehama, tuko kwa shemeji yangu Kivule. Karibuni kwa maswali, na wenye utaalamu mnirekebishe nilipokosea.

Kijana wa Keko

Mkuu pole sana na Mungu amponye dogo. Ila tuseme ukweli, mimi nimezaliwa Keko nimekulia mtaa wa Gerezani kwenye magereji, betri tumechezea, maji ya betri yametuunguza kaptula, mbona tuko wazima na familia tunazo? Isije ikawa mtoto ana tatizo lake la kuzaliwa tukamsingizia mzee wa watu anayetafuta ugali.

Cherehani wa Tandika

Mkuu sijakasirika, hata mimi ningesoma huu uzi mwaka juzi ningeuliza hivyo hivyo.

Kwanza majibu ya damu siyo hisia zangu. Risasi ipo ndani ya mtoto, imepimwa, na haizalishwi na mwili wa binadamu, lazima imeingia kutoka nje.

Pili hiyo ya tuko wazima. Wewe unajijua ulivyo sasa, hujui ungekuwaje. Kuna mwenzako mlikaa dawati moja alikuwa anachapwa kila siku kwa kutosikia na kutotulia, akaishia la saba, tukasema hana akili. Nani alimpima? Na wazee wetu wa gereji waliopata presha na figo kabla ya uzee, nani aliwauliza walikuwa wanashika nini kwa miaka 30? Risasi kwa mtu mzima inapandisha presha, inaharibu figo, kwa wanaume inagusa mpaka mbegu. Haiji na jina lake.

Na kwa taarifa yako sisi wote wa rika letu tumeivuta. Petroli ilikuwa inatiwa risasi, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ndo zimemaliza kuiuza mwanzoni mwa 2006, Algeria ikawa ya mwisho duniani 2021. Wasingeitoa kama kungekuwa hakuna shida.

Nesi wa Zamu

Mleta mada umeeleza vizuri, niongezee machache kwa kuwa nipo kwenye hizi kazi.

Dalili zake hazina alama ya peke yake. Tumbo, choo kigumu, damu kupungua, ukali ukali, kuchelewa kuongea, hayo yote yana sababu nyingine mia. Ndo maana bila kuuliza historia ya mazingira huwezi kuwaza risasi, na kipimo hakipo kwenye zahanati za kawaida. Kwa hiyo mzazi ukienda, WEWE SEMA. Usisubiri uulizwe. Sema jirani yetu anakata betri, baba yake ni fundi betri, tunachoma nyaya, tunamimina chubwi. Sentensi hiyo moja inaweza kumfungua daktari macho.

Pili matibabu. Watu wanadhani kuna sindano ya kutoa risasi ukarudi pale pale ukaendelea. Dawa za kuitoa zipo lakini WHO wanazielekeza hasa kwa mtoto aliyefika mikrogramu 45 kwenda juu, na zinatolewa hospitali kwa uangalizi. Ukimpa dawa halafu ukamrudisha kwenye vumbi lile lile hujafanya kitu. Dawa ya kwanza kwa kila mtoto ni kumtenga na chanzo, na mleta mada amefanya hivyo kwa kuhama, siyo kila mtu ana shemeji Kivule ndo shida.

Chakula kinasaidia kupunguza inayoingia, hakitoi iliyokwisha kuingia. Chuma na kalsiamu: dagaa wazima wazima na mifupa yao, maini, maharage, mchicha, maziwa, na chungwa au ndimu pembeni ili chuma kifyonzwe. Mtoto asikae njaa, tumbo tupu linafyonza risasi zaidi.

Msasani Baharini

Nimesoma nimeishiwa nguvu. Mimi mvuvi, chubwi tunamimina wenyewe pwani, tunachimba vishimo kwenye mchanga mbichi tunamwaga. Watoto ndo wanaoziokota zikipoa. Na zile ndogo za mshipi tunazibana KWA MENO. Baba yangu alikuwa anabana kwa meno, mimi nabana kwa meno, mwanangu wa miaka tisa namfundisha kubana kwa meno. Hiyo ni mbaya?

Nesi wa Zamu

Ni mbaya kaka. Hasa kwa mtoto. Tumieni koleo, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Na msimimine chubwi kwenye sufuria inayopikia, hata mara moja. Chubwi ndogo mtoto akiimeza ni dharura, kimbia hospitali, isisubiriwe mpaka itoke yenyewe maana asidi ya tumboni inaiyeyusha.

Msasani Baharini

Sawa dada. Koleo ninayo. Wazee wa zamani walikuwa wanafunga mawe kwenye nyavu, wengine nati na bolti chakavu, tulikuwa tunawaona washamba. Chuma kinashika kutu ila bora kutu. Jioni ntaongea na wenzangu hapa ufukweni.

Mama Wawili Mbagala

Naomba kuuliza na msinicheke, wanja wa manga ule wa jiwe nasikia nao una risasi? Wangu wa miezi minne tunampaka tangu arobaini, kwetu mtoto asipopakwa wanja watu wanakusema.

Nesi wa Zamu

Hakuna wa kukucheka mama. Wanja wa jiwe wa asili, ambao wengine wanauita surma, umepimwa nchi nyingi na ukakutwa na risasi, maana jiwe linalosagwa mara nyingi ni madini ya risasi yenyewe. Hauonjwi wala hauonekani tofauti kwa macho. Mtoto anajikuna jicho afu analamba mkono. Mwache mtoto na macho yake yalivyo. Wakikusema waambie kliniki wamekukataza, niwekeni mimi mbele.

Na wewe mwenyewe au mdogo wako akiwa mjamzito, ule udongo wa kula nao muangalie. Udongo unabeba kilichomo pale ulipochimbwa, muuzaji wa sokoni hajui umetoka wapi.

Mama Wawili Mbagala

Ahsante dada nimeufuta sasa hivi. Na kidonge cha chuma cha kliniki nilikuwa nakitupa kwa sababu ya kichefuchefu, ntakunywa.

Mzee wa Vingunguti

Nyie mnaongelea aliyekaa ukutani kwa fundi. Mvua zikija hizo za masika yale maji yanaenda wapi? Yanatoka kwenye uwanja wa fundi, yanashika mtaro, yanashuka mto Msimbazi. Na kando ya Msimbazi kuna nini? Kuna mchicha na matembele. 1999 huko kulichapishwa utafiti wa mboga zilizolimwa kandokando ya mto Sinza na Msimbazi, wakakuta risasi na kadmiamu, metali nyingine yenye sumu, kwenye majani. Miaka yote hiyo na mabustani yapo. Simlaumu mkulima wa mchicha, yeye hajamwaga kitu mtoni, anamwagilia kilichopo.

Na mafuriko yakirudi nyuma, lile tope la kijivu linalobaki majumbani Jangwani na Mchikichini na huku kwetu, tunalizoa kwa mikono mitupu, likikauka tunalifagia linapanda hewani. Halafu tunashangaa kifua.

Kijana wa Keko

Nimerudi. Nimeongea na mama yangu kwa simu, nimemuuliza tu kuhusu utotoni. Ameniambia mdogo wangu aliyenifuata alikuwa anapata degedege sana tulivyokuwa tunakaa nyuma ya gereji, na alikuwa anakula mchanga. Mpaka leo yule ni mtu wa kusahau sahau. Sijui ni hiyo au siyo hiyo na hakuna wa kuniambia sasa hivi. Mkuu naomba radhi kwa nilivyoandika mwanzo.

Cherehani wa Tandika

Hamna radhi hapo ndugu yangu. Mpe pole mama.

Betri Chaji

Mimi ndo hao mnaowasema. Nachaji betri na kukata, miaka 14 sasa, eneo sitaji. Nimesoma post zote kimya kimya tangu asubuhi.

Nataka mjue hii kazi siyo kwamba tunaipenda. Nimeanza kwa kuokota chakavu na kiroba, nikapata mtaji wa jiko na sufuria. Nina watoto wanne wanakula hapo. Sisi tunaambiwa kunywa maziwa, ukimaliza kazi kunywa maziwa nusu lita sumu inatoka, na kitambaa naziba pua. Mwili wangu naujua, mikono inakosa nguvu, tumbo linakata kama linakatwa na wembe, presha nimeambiwa mwaka jana. Nikajua ni uchovu. Mambo ya watoto sikuwaza kabisa maana mimi kazi nafanyia uwanjani, ndani sileti betri hata moja. Sasa mnasema vumbi linaingia. Linaingiaje na mimi kazi nafanyia nje?

Nesi wa Zamu

Kaka nakushukuru kujitokeza, umefanya jambo kubwa kuliko unavyodhani.

Linaingia na wewe. Kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye viatu, kwenye kucha. Unarudi jioni mtoto anakukimbilia unambeba na shati la kazi. Shati linatupwa kwenye beseni moja na nguo za watoto, zinafuliwa pamoja. Unakaa kwenye kochi, unalala kitandani.

Maziwa hayatoi sumu. Ni chakula kizuri, kunywa, lakini yasikupe moyo wa kukaa kwenye moshi. Mafundi rangi na wachomeleaji nao wanadanganywa hivyo hivyo. Na kitambaa kinazuia mchanga, mvuke wa risasi na ule unga laini unapita kama hakipo. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi joto 327 tu, jiko la mkaa linafika hapo na kupita mbali, na kadri unavyoipuliza moto ukawa mkali ndivyo mvuke unavyozidi.

Hizo dalili ulizotaja, mikono kukosa nguvu na tumbo kukata, nenda hospitali kubwa ukawaambie kazi yako kabla hujawaambia unaumwa wapi.

Kwa leo fanya hivi: nguo za kazi na viatu vibaki kazini, visivuke mlango. Oga na nywele kabla ya kumshika mtoto. Nguo zifuliwe peke yake kwenye chombo chake. Ndani msifagie kavu, dekini kwa maji na sabuni, maji ya deki yamwagwe chooni siyo uwanjani. Usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini na mikono hiyo. Na chombo chochote kilichoshika risasi kisirudi jikoni wala bafuni.

Betri Chaji

Na nikiacha kukata nikawa nauza nzima? Nikipiga hesabu napoteza kama robo ya ninachopata.

Mzee wa Vingunguti

Kijana ongea na wenzako mkusanye pamoja. Betri kumi ukipeleka peke yako mwenye mizani anakupangia bei, mia mkipeleka pamoja mnapanga nyie. Na mpelekeeni mnunuzi mwenye kibali cha taka hatarishi, muulizeni awaonyeshe karatasi. Betri chakavu ni taka hatarishi kisheria, wanaosimamia mazingira serikalini (NEMC) ndo wanahusika na vibali. Ukikutwa unakata uani bila kibali utapoteza zaidi ya robo.

Cherehani wa Tandika

Kaka Betri Chaji, mzee wangu wa Tandika niliongea naye kabla ya kuhama. Sikwenda na mjumbe wala sikwenda na polisi, ingawa wapangaji wengine walitaka hivyo, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inampa kila mtu haki ya kukaa mazingira safi na salama. Nilimpelekea majibu ya mtoto. Aliishika ile karatasi muda mrefu akaniuliza, "Huyu ndo yule wangu?" Wiki iliyofuata alianza kuuza nzima. Bwana afya alipokuja kwa wito wa mwenye nyumba alikuta uwanja umeshafunikwa kwa kifusi kipya, wakakubaliana sehemu ile ya jiko ipigwe sakafu ya zege ili watoto wasifikie mchanga wa chini. Siyo suluhisho la kudumu, mchanga wenyewe ilibidi utolewe na watu wenye vifaa upelekwe panapostahili, na hiyo hela hakuna mwenye nayo pale. Ila watoto waliobaki pale uani wanacheza juu ya zege.

Kuhusu mwanangu, mmeniuliza wengi PM. Kipimo cha pili baada ya miezi mitatu kimeshuka, hakijafika chini ya 5. Choo kimekuwa laini. Ameongeza maneno, majuzi kasema "shangazi njoo", ni mara ya kwanza kuunganisha mawili. Daktari ametuambia ukweli, kilichopotea huenda kisirudi chote, tuongee naye sana, tumsomee, tumwimbie. Mke wangu anamwimbia mpaka anakaukiwa.

Mama Wawili Mbagala

Mashallah, hiyo shangazi njoo imenitoa machozi.

Betri Chaji

Nimerudi wakuu, saa tano usiku hii. Nimetoka kuzungumza na wife, kwanza alinijia juu kwa nini nachelewa kulala, nimemsomea uzi wote.

Ile sehemu ya chombo ndo imenikamata. Nina karai la bati, kubwa, mchana naoshea pleti kabla ya kupika. Mimi nikimaliza nalisuuza nalianika ukutani. Nimemuuliza wife akaniambia jioni ndo analomwogeshea mtoto wetu wa mwisho, miezi minane, kwa sababu beseni lilipasuka toka Ramadhani na mimi nikawa nasema ntanunua ntanunua.

Nimelitoa nje nimelipiga msumari matundu sita lisishike maji tena. Kesho asubuhi nanunua beseni, afu nampeleka mtoto hospitali, na nimeshaandika kwenye karatasi: baba yake anakata betri.